Dawa imepewa sura nzima, kipimo kimepewa aya chache

Ukimuuliza mwanafunzi wa baiolojia ya seli ni kitabu gani kilimfanya aanze kufuatilia saratani, kuna uwezekano mkubwa atakutajia The Emperor of All Maladies cha daktari Siddhartha Mukherjee. Kilitoka 2010, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Pulitzer. Kinaisimulia saratani kuanzia Misri ya kale mpaka dawa zinazolenga jeni moja moja, tena kwa lugha ambayo hata msomaji asiyejua kromosomu ni nini hachoki. Mimi nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifanya kama wengi tunavyofanya: nilikimbizana na hadithi kujua dawa itapatikana lini. Mara ya pili nilitafuta kitu kimoja tu, watu wanaosubiri majibu ya maabara.

Nimewakuta wachache sana, na hapo ndipo ugomvi wangu na kitabu hiki kizuri unapoanza.

Nauita ugomvi kwa sababu jambo lenyewe si dogo. Mwanamke akikutwa na uvimbe kwenye titi, kuambiwa kwamba ni saratani hakumalizi chochote. Inabaki kujua ni saratani ya aina gani, na jibu hilo ndilo linaloamua kama atapewa vidonge vya homoni kwa miaka mitano au zaidi, kama atatundikiwa dripu ya kemo, kama atapata dawa inayolenga protini ya HER2, au vyote kwa pamoja. Kati ya siku anayochukuliwa kinyama na siku anayoitwa na daktari kuambiwa mpango wa matibabu kuna kipindi kirefu ambacho kwake hakina jina. Majirani wanauliza, "Vipi, majibu?" naye anajibu, "Bado." Vitabu vyetu vya sayansi vinapafikia hapo, vinafungua aya mpya, na ghafla mgonjwa ameshaanza dawa.

Hadithi ya HER2 ilianza na kipimo

Tuchukue sehemu ambayo Mukherjee ameiandika vizuri kuliko zote, ile ya dawa ya Herceptin. Kwa ufupi inakwenda hivi. Katika maabara ya Robert Weinberg kule MIT iligunduliwa jeni ya saratani kutoka kwenye uvimbe wa neva wa panya, ikaitwa neu. Baadaye Axel Ullrich, mwanasayansi wa kampuni ya Genentech huko California, akaipata ndugu yake ya binadamu, ndiyo HER2. Alikuwa na jeni mkononi lakini hakuwa na ugonjwa wa kuihusisha nayo. Kwa upande wa pili, Dennis Slamon, daktari wa saratani katika chuo kikuu cha UCLA, alikuwa na friza iliyojaa vipande vya uvimbe wa wagonjwa. Wawili hao wakakutana 1986. Slamon akachukua kipimo cha Ullrich na kukipitisha kwenye vipande vyake.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1987. Kati ya uvimbe 189 wa matiti, karibu asilimia 30 ulikuwa na nakala za jeni ya HER2 kuliko kawaida, na wanawake wenye nakala hizo nyingi walirudiwa na ugonjwa mapema na kufariki mapema zaidi. Makadirio yanayotumika siku hizi yako chini kidogo, kati ya asilimia 15 na 20.

Sasa hebu tuangalie kilichofanyika hapo. Dawa ilikuwa haijatengenezwa. Ugunduzi wenyewe ni kipimo kilichofanywa kwenye vipande vya nyama vilivyotunzwa vizuri. Bila ile friza, Ullrich angebaki na jeni isiyokuwa na kazi. Mukherjee anayasema haya yote, sina lawama hapo. Ila friza ikishafungwa, kipimo kinatoka jukwaani na dawa inaingia. Kurasa zinazofuata zinahusu kingamwili ya panya iliyobadilishwa ifanane na ya binadamu, kampuni iliyositasita, daktari mbishi asiyekata tamaa, na majaribio ya kwanza kwa wagonjwa mwaka 1992. Filamu ya televisheni Living Proof ya 2008, ambamo Harry Connick Jr. anaigiza kama Slamon, imefuata njia hiyohiyo: hela za utafiti zinatafutwa, kampuni inabembelezwa, dawa inafaulu.

Kuna kitu hadithi za namna hii zinakificha, na mwanafunzi wa takwimu atakiona haraka. Jaribio kubwa la Herceptin, lililochapishwa 2001, lilikuwa na wanawake 469 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa, na wote walichaguliwa kwa sababu uvimbe wao ulipimwa ukakutwa na HER2 nyingi. Waliopata Herceptin pamoja na kemo walikaa kwa wastani miezi 7.4 kabla ugonjwa haujaendelea. Waliopata kemo peke yake walikaa miezi 4.6. Chukulia wangeingizwa wanawake wowote wenye saratani ya matiti bila kupimwa. Wanane kati ya kila kumi wasingekuwa na kile kinacholengwa na dawa. Faida ya wawili waliobaki ingemezwa na hao wanane, na dawa ingeweza kabisa kuonekana haifai. Yaani kipimo ndicho kilichofanya faida ya dawa ionekane. Mamlaka ya dawa ya Marekani ililielewa hilo: Septemba 1998 iliidhinisha Herceptin na, siku hiyohiyo, ikaidhinisha kipimo cha maabara cha kuchagua wanaofaa kuipata.

Marti Nelson

Kitabu kina mgonjwa mmoja ambaye kisa chake kingeweza kubeba sura nzima. Ni Marti Nelson, mwanamke wa California, naye alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Aligundulika na saratani ya titi 1987, ikarudi 1993. Alikuwa amesoma kuhusu HER2 na alijua dawa ilikuwa kwenye majaribio, hivyo akaomba uvimbe wake upimwe.

Kilichofuata, kwa simulizi ya Mukherjee, ni mduara. Bima yake ya afya ilisema hakuna haja ya kupima HER2 kwa kuwa dawa bado ilikuwa ya majaribio. Genentech nayo ikasema haiwezi kumpa dawa mtu ambaye hali yake ya HER2 haijathibitishwa. Hana kipimo kwa sababu hakuna dawa, na hana dawa kwa sababu hakuna kipimo. Wenzake wa chama cha Breast Cancer Action cha San Francisco walihangaika mpaka uvimbe ukapimwa. Majibu yakatoka: HER2 ilikuwa nyingi. Alifariki Novemba 1994, wakati uamuzi wa kampuni ulikuwa bado unasubiriwa. Desemba mwaka huo wanaharakati walipanga msafara wa magari mfano wa msafara wa mazishi, wakaingia nao kwenye eneo la Genentech.

Mukherjee anakitumia kisa hiki kueleza ubishi kuhusu dawa za majaribio: je, kampuni impe mgonjwa anayekufa dawa ambayo haijaidhinishwa? Ni swali halali. Lakini nikirudia kuzisoma aya hizo naona kwamba kilichoula muda wa Marti Nelson kwanza kabisa kilikuwa majibu. Nyama yake ilikuwepo na kipimo kilikuwepo. Ilikosekana taasisi ya kusema, "Leteni, tutapima, tutalipa." Mwandishi ameliona hilo, kaliandika, halafu akalipita akaenda kwenye msafara wa magari, kwa sababu msafara unasomeka vizuri kuliko fomu ya maabara. Namuelewa. Ila ninyi mnaosoma kitabu hicho kesho, simameni kidogo hapo.

Ni nini hasa kinachosubiriwa?

Kosa la pili la hadithi zetu ni kuyafanya majibu yaonekane kama barua iliyokwama njiani, kana kwamba jibu lipo tayari na mtu fulani amechelewa tu kulileta. Uhalisia ni kwamba jibu linatengenezwa, na hatua za kulitengeneza zina kemia yake.

Kinyama kikishatoka mwilini kinaanza kuharibika. Protini zinavunjika, na RNA inavunjika haraka zaidi. Miongozo ya Marekani inayofuatwa na maabara nyingi duniani inataka kiingie kwenye formalini ndani ya saa moja, kisha kikae humo kwa saa zisizopungua 6 na zisizozidi 72. Titi zima lililotolewa kwa upasuaji haliwezi kutumbukizwa tu kwenye ndoo. Formalini hupenya polepole, takriban milimita moja kwa saa, kwa hiyo lisipokatwa vipande katikati yake huoza huku nje kukionekana salama. Baada ya hapo nyama inaondolewa maji na kuzamishwa kwenye nta ya parafini, inakuwa kile kinachoitwa bloku. Bloku inakatwa vipande vyembamba vya mikromita chache na kubandikwa kwenye slaidi. Mwanapatholojia anaangalia kwanza kama ni saratani kweli.

Vipimo vya aina ya saratani vinakuja baada ya hapo. Slaidi nyingine zinapakwa kingamwili zinazoshika vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni, na HER2. Penye protini hiyo pana rangi ya kahawia. Upande wa estrojeni, ikiwa asilimia 1 tu ya seli za saratani zimeshika rangi, jibu ni chanya, ingawa miongozo ya 2020 inataka zilizo kati ya asilimia 1 na 10 zitajwe wazi kuwa chanya ya chini. Upande wa HER2, mwanapatholojia anatoa alama 0, 1+, 2+ au 3+. Ikiwa 3+, jibu ni chanya. Ikiwa 0 au 1+, kwa miaka mingi iliitwa hasi. Ikiwa 2+, hakuna jibu bado: inabidi kufanya kipimo kingine kiitwacho FISH, ambacho kinahesabu nakala za jeni yenyewe ndani ya kiini cha seli. Kwa mgonjwa, hiyo 2+ ina maana ya kuambiwa kwa mara ya pili, "Subiri."

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu yanatusaidia kutenganisha aina mbili za kusubiri ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni muda wa kemia. Huwezi kuiharakisha formalini, na atakayejaribu ataharibu jibu. Ya pili ni muda wa foleni: bloku imekaa kwenye rafu ikisubiri zifike slaidi nyingine ili kingamwili ya bei ghali isipotee kwa mgonjwa mmoja, kitendanishi kimeisha, mwanapatholojia ni mmoja, hela ya kipimo haijapatikana. Muda wa kemia ni wa siku chache. Muda wa foleni unaweza kuwa wiki, na unaweza kuwa miezi. Mgonjwa anayeambiwa "majibu bado" ana haki ya kujua anasubiri upi kati ya hiyo miwili, na kwa uzoefu wa wengi haelezwi.

Je, kusubiri kunaua? Swali hili linawanyima watu usingizi, na vitabu vinalikwepa. Utafiti wa wanawake zaidi ya 24,000 wa California, uliochapishwa 2016, uliangalia muda kati ya upasuaji na kuanza kemo. Walioanza ndani ya siku 90 hawakutofautiana sana. Waliovuka siku 90 walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki, hasa wenye saratani isiyo na vipokezi vyote vitatu. Huo ni uhusiano, hauthibitishi chanzo, maana wanaochelewa mara nyingi wana matatizo mengine pia. Hata hivyo ujumbe wake unaeleweka: wiki mbili za kupata jibu sahihi si janga, miezi minne ya jibu kukwama ni jambo lingine kabisa.

Jibu linaloamua dawa isitolewe

Kitabu cha Mukherjee kilitoka kabla ya sehemu nyingine muhimu ya hadithi hii, kwa hiyo hapa simlaumu yeye. Nawalaumu walioisimulia baadaye, sisi wapenzi wa sayansi tukiwemo.

Kuna kipimo kinaitwa Oncotype DX. Kinapima shughuli za jeni 21 kwenye bloku, 16 zinazohusiana na saratani na 5 za kulinganishia, halafu kinatoa namba moja kati ya 0 na 100. Ni kwa saratani yenye vipokezi vya homoni na isiyo na HER2 nyingi. Namba kubwa humaanisha hatari kubwa ya ugonjwa kurudi, na pia uwezekano mkubwa kwamba kemo itasaidia. Tatizo lilikuwa namba za katikati. Jaribio la TAILORx liliandikisha wanawake zaidi ya 10,000 ambao saratani yao ilikuwa haijafika kwenye tezi za kwapani. Wale 6,711 waliopata namba kati ya 11 na 25 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu tibahomoni peke yake, nusu tibahomoni pamoja na kemo. Majibu yalitangazwa Juni 2018. Baada ya miaka tisa waliokuwa hai walikuwa asilimia 93.9 upande mmoja na 93.8 upande wa pili. Kemo haikuwa imewaongezea kitu.

Vichwa vya habari vilishangilia kwamba wanawake wengi hawahitaji kemo. Ni kweli, lakini kuna vitu viwili vilimezwa na shangwe. Cha kwanza ni umri. Kwa wenye miaka 50 au chini yake, kemo ilionekana kuwa na faida kiasi pale namba ilipokuwa kati ya 16 na 25. Saratani ya matiti Afrika huwapata wanawake wengi wakiwa bado hawajakoma hedhi, kwa hiyo kwetu "wengi hawahitaji kemo" si sentensi ya kunakili hivihivi. Cha pili ni kwamba kipimo hiki hufanyika kwenye maabara ya California na hugharimu maelfu ya dola. Anayesoma habari hiyo akiwa Mwanza au Kisumu anabaki na furaha asiyoweza kuitumia.

Na kuna habari ya 2011 ambayo ilistahili kelele kama hizo lakini haikuzipata. Watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba ukichukua vipimo vinne vya kawaida vya slaidi, yaani estrojeni, projesteroni, HER2 na Ki-67 inayoonyesha kasi ya seli kugawanyika, ukavifanya kwa umakini na kuviunganisha kwa hesabu, unapata taarifa zinazokaribiana sana na za kile kipimo cha jeni 21. Neno la kushika hapo ni "umakini". Inarudi kulekule kwenye formalini.

Kwa nini hili ni letu

Mjadala wa saratani ya matiti katika Afrika Mashariki kwa kawaida ni mjadala wa bei ya dawa, na ni mjadala wa haki. Shirika la Afya Duniani liliiingiza trastuzumabu, ndiyo hiyo Herceptin kwa jina lake la kitaalamu, kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na 2019 likaithibitisha kwa mara ya kwanza dawa mfano wake iliyo nafuu zaidi. Lakini dawa hiyo bila kipimo ni kurusha jiwe gizani: itawafikia wanane wasioihitaji ili impate kila mmoja au wawili wanaoihitaji. Kila hela inayopiganiwa kwa ajili ya dawa inahitaji mwenzake kwenye maabara.

Kuna jambo zito zaidi. Kwa miaka mingi imekuwa ikirudiwa kwamba wanawake wa Kiafrika wana saratani za matiti zisizo na vipokezi vya homoni, kwa hiyo tibahomoni haiwafai sana. Mwaka 2014 jarida la PLoS Medicine lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za bara hili. Tafiti zilizopanga mapema kukusanya nyama, kwa hiyo zikaitunza vizuri, zilikuta uvimbe wenye vipokezi vya estrojeni kwa wingi zaidi kuliko tafiti zilizotumia bloku za zamani kutoka kwenye makabati. Sehemu ya kile kilichoitwa tabia ya saratani ya Mwafrika ilikuwa tabia ya utunzaji wa nyama. Aina isiyo na vipokezi ipo kweli, na kwa wanawake wenye asili ya Afrika Magharibi imeonekana kwa wingi, hilo halifutiki. Lakini fikiria mwanamke ambaye kinyama chake kilikaa mchana kutwa kwenye chupa bila formalini ya kutosha, protini ikaharibika, jibu likasomeka "hasi". Amesubiri wiki sita kupata karatasi inayomnyima tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu kuliko karibu kila kitu kingine kwenye orodha yake, na ambacho huenda kingemsaidia. Kwake huyo, jibu kuwahi lisingetosha. Alihitaji jibu lililotengenezwa sawasawa tangu dakika ya kwanza kwenye chumba cha upasuaji.

Mpango wa Shirika la Afya Duniani kuhusu saratani ya matiti, ulioanzishwa 2021, umelipa jambo hili namba: uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mwanamke afike kituoni kwa mara ya kwanza. Siku 60 zinahesabu kila kitu: rufaa, picha, kinyama, slaidi, vipokezi. Katika nchi zetu si ajabu kumkuta ndugu wa mgonjwa ameshika bahasha yenye bloku, anaipeleka mwenyewe maabara nyingine kwa basi kwa sababu hospitali ya kwanza haipimi vipokezi. Huyo ndugu ni sehemu ya mnyororo wa sayansi ya HER2 kama alivyokuwa Ullrich, ila hakuna kitabu kilichomtaja.

Tukisome vipi sasa

Nisieleweke vibaya. The Emperor of All Maladies kisomwe, na kizawadiwe wanafunzi. Hakuna kitabu kingine kinachokufanya uone jinsi daktari wa 1896, George Beatson wa Glasgow, alivyotoa ovari za mwanamke na uvimbe wa titi ukanywea, bila kujua kuna kitu kinaitwa kipokezi cha estrojeni. Mukherjee anajua pia kuandika hofu ya mgonjwa, kwa sababu ameketi nao.

Ninachopinga ni umbo la hadithi: jeni, dawa, ushindi. Umbo hilo linamfundisha msomaji, na baadaye waziri aliyekuwa msomaji, kwamba maendeleo ni chupa ya dawa. Linafanya maabara ya patholojia ionekane kama kaunta ya kuchukulia karatasi. Ukilikubali, utajenga jengo la tibakemikali lenye vioo na kumwacha mwanapatholojia mmoja na darubini moja kwenye chumba cha nyuma, kisha utashangaa kwa nini wagonjwa wanasubiri.

Atakayeandika kitabu kijacho, na natumaini atatoka kwenye maabara za kwetu, amfuate bloku badala ya kumfuata daktari. Aanze saa nyama inapotoka, aandike nani aliimiminia formalini na saa ngapi, ilipanda gari gani, ilikaa rafu gani kwa siku ngapi, nani aliisoma, na kwa nini 2+ ilirudishwa. Msisimko upo tele humo. Mwaka 2022 dawa mpya inayobeba kemo mgongoni mwa kingamwili iliidhinishwa Marekani kwa saratani iliyosambaa yenye alama ya 1+, au 2+ ambayo FISH yake ni hasi. Bloku zilezile zilizoitwa hasi kwa zaidi ya miaka ishirini zikatolewa makabatini zisomwe upya, na kwa baadhi ya wanawake "hasi" ikawa na dawa. Zilisomeka tena pale tu zilipokuwa zimetunzwa.

Mpaka kitabu hicho kiandikwe, msomaji mwenye dada, mama au shangazi anayesubiri majibu hivi sasa anaweza kuuliza maswali manne hospitalini bila kuwa mtaalamu. Bloku iko wapi kwa sasa? Vipokezi vya estrojeni, projesteroni na HER2 vimeombwa vyote au ni jibu la "saratani" tu? Kama HER2 ni 2+, nani ataagiza FISH na italipiwaje? Na tunachosubiri ni kemia au foleni? Swali la mwisho huenda likamfanya mtu wa mapokezi akunje uso. Liulizwe tu, kwa adabu, na jina la aliyejibu liandikwe pembeni ya karatasi.